Bustani za Mji wa Nairobi na Watu Wanaozitunza

Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kuwa kambi ya wajenzi wa reli, mahali pa matope na maji yaliyotuama, wala hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba siku moja wenyeji wake wangegombania kivuli cha mti. Lakini kabla mji haujatimiza miaka kumi ulikuwa umekwisha pata bustani mbili ambazo zipo mpaka leo. Ya kwanza ilikuwa zawadi ya mfanyabiashara. Ya pili ilitokana na haja ya kuni.

Mfanyabiashara huyo alikuwa Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyepata mali nyingi kwa kuwaletea wajenzi wa reli vibarua na vyakula. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi kiwanja cha ekari tano hivi katikati ya mji ili kiwe bustani ya wote. Mwaka uliofuata, maofisa wa misitu walitenga mahali pengine, upande wa magharibi wa mji, wakaanza kujaribu miti ya nchi za kigeni. Gari moshi za siku zile zilikula kuni, na misitu ya asili ilikuwa ikikatwa upesi kuliko ilivyoota. Basi wakapanda miti ya namna nyingi wapate kuona ni ipi itakayokua haraka, kama vile mkulima mwenye akili ajaribuvyo mbegu mpya katika kipande kidogo kabla ya kuitia shamba zima. Mahali hapo ndipo paitwapo Arboretum. Reli iliacha kuni zamani, lakini miti ilibaki, nayo leo ni ya aina zaidi ya 300 katika eneo la hekta 30 hivi.

Baadaye zikaja nyingine: City Park, ambayo ilitengwa katika miaka ya 1920; msitu wa Karura, ulioandikwa katika gazeti la Serikali mwaka 1932 kuwa msitu wa hifadhi; na Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Kwa hiyo mji huu haukukosa bustani. Uliokosekana kwa miaka mingi ni mkono wa kuzitunza. Majani yaliota mpaka kiunoni, viti vikavunjwa, taa zikazimika, na watu wenye heshima zao wakaacha kupita huko. Kila mkulima anajua yanayofuata. Shamba lisilolimwa huonekana kuwa halina mwenyewe, na wapo watu ambao kazi yao ni kutafuta mashamba ya namna hiyo.

WALIOSIMAMA MBELE YA MAJENGO

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba jumba la ghorofa 60 litajengwa ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais wa wakati ule. Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt Movement cha kupanda miti pamoja na wanawake wa mashambani, aliandika barua kwa maofisa wa Serikali na kwa wakubwa wa nchi za nje akiuliza sababu ya kuwanyima watu wa mji mahali pao pa kupumzikia. Alitukanwa bungeni. Lakini watu wa ng'ambo waliotazamiwa kukopesha fedha wakaingiwa na mashaka, na jumba lile halikujengwa.

Miaka miwili baadaye ikafika zamu ya bustani ya Jeevanjee. Palikuwa na shauri la kujenga hapo jengo la ghorofa nyingi na maegesho ya motakaa. Safari hii aliyesimama mbele alikuwa Bibi Zarina Patel, mjukuu wa yule mfanyabiashara, ambaye alikusanya watu na kuwakumbusha wakubwa wa mji kwamba zawadi iliyotolewa kwa umma haiwezi kuuzwa na mtu yeyote. Bustani ikaokoka. Mpaka sasa makarani hula chakula chao cha mchana pale, wahubiri huhubiri, na mabishano juu ya siasa huendelea toka asubuhi hata jioni.

Vita vikali zaidi vilikuwa vya Karura. Vipande vya msitu huo vilikuwa vimegawiwa watu na makampuni kwa siri, na ujenzi ulikwisha anza. Tarehe 8 Januari, 1999, Profesa Maathai na wenzake, wakiwamo wabunge, walikwenda kupanda mti mmoja mlangoni mwa msitu. Kundi la watu wenye silaha likawashambulia, na Profesa akaenda kituo cha polisi huku kichwa chake kikivuja damu. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi za umma.

Mambo hayo yamesimuliwa mara nyingi, na yastahili kusimuliwa. Lakini msitu uliookolewa si msitu uliotunzwa. Kwa miaka kumi baada ya siku ile watu wa Nairobi waliendelea kuogopa Karura. Wanyang'anyi walijificha humo, wachoma makaa walikata miti usiku, na maiti zilitupwa humo. Mzazi hakuthubutu kumpeleka mtoto wake akaone maporomoko ya maji yaliyo katikati ya mji wake mwenyewe.

KAZI ISIYO NA PICHA GAZETINI

Mabadiliko yalianzia katika sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi wanaokaa kando ya msitu kuunda chama na kuusimamia pamoja na Serikali. Zamani mwananchi alikuwa mgeni katika msitu, au mwizi. Sheria hiyo ilimpa nafasi ya kuwa mshirika. Basi mnamo mwaka 2009 na 2010 watu wa mitaa inayopakana na Karura wakaunda chama cha Friends of Karura Forest, yaani Marafiki wa Msitu wa Karura, wakaanza kazi pamoja na Shirika la Misitu la Kenya.

Jambo la kwanza lilikuwa ua. Msitu wa hekta 1,041, yaani ekari zaidi ya 2,500, hauwezi kulindwa na watu wachache wenye fimbo. Wanachama wakachangisha fedha kwa matajiri na makampuni, na senyenge ya umeme ikaanza kuwekwa. Hapo palikuwa na hatari ambayo mara nyingi husahauliwa na wenye nia njema. Kando ya Karura kipo kijiji cha Huruma, ambacho si ule mtaa wa Huruma ulio karibu na Mathare, na watu wake ni maskini. Wengi wao walikuwa wakipata kuni zao msituni. Lau kama matajiri wa mitaa ya jirani wangalijifungia msitu na kuwaacha watu wa Huruma nje, senyenge ingalikatwa kabla ya mwaka kwisha, na pengine kwa haki.

Haikufanyika hivyo. Vijana wa Huruma waliajiriwa kuwa walinzi wa msitu, na baadhi yao walikuwa wakiufahamu usiku kuliko ofisa yeyote alivyoufahamu mchana. Wanawake waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka kwa utaratibu uliowekwa. Wengine walipata kazi katika vitalu vya miche. Kwa njia hiyo senyenge ilipata walinzi wa pande zote mbili, na msitu ulipofunguliwa kwa watu mwaka 2011 wengi walioingia waliweza kutembea bila hofu kwa mara ya kwanza. Leo familia huja na baisikeli, wazee hutembea kwa amri ya daktari, na shule huleta watoto wajifunze majina ya miti.

Kazi ya wanachama wanaojitolea ni ngumu kuliko wapitaji wadhanivyo. Adui mkubwa wa msitu huu, baada ya panga, ni magugu yaliyotoka ng'ambo. Mti wa lantana, ulioletwa zamani kwa sababu ya maua yake mazuri, hufunga ardhi yote chini ya miti hata mche wa asili usiweze kuona jua. Kuufyeka hakutoshi, kwa maana huchipuka tena. Sharti ung'olewe na mizizi, na mahali pale papandwe kitu kingine upesi kabla haujarudi. Kadhalika, sehemu kubwa ya Karura ilikuwa imepandwa mikaratusi, yaani mibuluu, kwa ajili ya mbao na nguzo. Miti hiyo huondolewa kidogo kidogo na kupandwa ya kienyeji, kama muhugu, mukinduri na mzeituni wa mwitu. Muhugu hukua polepole sana. Anayeupanda akiwa na nywele nyeupe hatarajii kuketi chini ya kivuli chake, na hata hivyo walio wengi katika kazi hiyo ni watu wenye nywele nyeupe.

Kuanzia mwaka 2014 mbega, wale nyani weusi wenye manyoya meupe marefu, walirudishwa Karura baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Waliletwa na wataalamu kutoka Kipipiri, ambako misitu ilikuwa imepungua na mbega walikuwa wakigombana na wakulima juu ya mazao. Wakulima wa Kipipiri hawakuwalilia.

MCHE NA KIANGAZI

Tarehe 13 Novemba, 2023, Serikali ilitangaza sikukuu ya nchi nzima ili kila mtu apande mti, na shabaha iliyotangazwa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Watu walijitokeza kwa wingi, wakubwa kwa wadogo, na mvua ya vuli ilikuwa nyingi. Siku kama hiyo ni njema. Lakini mche uliopandwa Novemba hukutana na kiangazi mwezi wa Januari, na siku hiyo hakuna mpiga picha wala mheshimiwa mwenye koleo jipya. Yupo mtu mmoja tu mwenye ndoo, au hayupo.

Ndiyo sababu vyama vya bustani vilivyodumu huhesabu miche iliyo hai baada ya mwaka wa pili. Chama cha Friends of Nairobi Arboretum kilianzishwa mwaka 1993, na tangu wakati huo wanachama wake wamefanya kazi ambazo hazionekani: kuandika majina ya miti na kuyapigilia vibao, kufuatilia vijia vilivyozibwa na mizizi, kuokota takataka baada ya mikutano ya maombi ya Jumapili. Kazi ya vibao ina maana kubwa. Mti usio na jina ni kuni tu machoni pa mpitaji. Akisoma jina lake na nchi ulikotoka, huuzunguka mara ya pili akiutazama.

City Park nayo ina marafiki wake, walioanza mwaka 1996. Bustani hiyo ni mabaki ya msitu wa asili, na imejaa kima ambao wamezoea watu kupita kiasi; mgeni mwenye karanga mfukoni atapekuliwa bila kuombwa ruhusa. Humo ndimo alimozikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, na karibu naye rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, ambaye alitaka azikwe jirani na Pinto. Lakini hata makaburi ya watu hao hayakuizuia bustani kumegwa. Vipande vyake kadha viliandikishwa kwa majina ya watu binafsi. Wanachama walilazimika kujifunza kazi ya karani wa ardhi: kusoma ramani za zamani, kulinganisha namba za viwanja, kuandika barua, kuandika tena. Mtu anayejitolea kupanda maua hatazamii kwamba atatumia miaka mingi katika masijala, lakini ndivyo ilivyo. Ua la rangi nzuri lisilo na karatasi nyuma yake hupamba kiwanja cha mtu mwingine.

NYUA ZA DANDORA

Hayo yote ni ya bustani kubwa, zenye historia na marafiki wenye motakaa. Walio wengi katika Nairobi hawakai karibu na Karura. Wanakaa mashariki mwa mji, na huko mfano wa kufaa zaidi unatoka Dandora.

Dandora ilipangwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wa kipato kidogo walipewa viwanja 6,000 vyenye maji na vyoo, wakajijengea wenyewe. Wapimaji wa mji walifanya jambo la busara: nyumba zilipangwa kuzunguka nyua za pamoja, ili watoto wacheze huku mama zao wakiwaona. Lakini ua wa pamoja haukuandikiwa mwenyewe. Wakati huo huo, jaa kuu la takataka za Nairobi liliwekwa Dandora hiyo hiyo. Taratibu nyua nazo zikageuka majaa madogo, na usiku zikawa za wezi.

Tangu mwaka 2014 hivi, vijana wa Dandora wamekuwa wakizirudisha. Walianza na ua mmoja. Waliondoa takataka, wakapaka kuta rangi, wakapanda nyasi na miti, wakaweka lango. Kisha wakafanya jambo ambalo wafadhili wengi hawalifanyi, yaani waliketi na wenye nyumba wakapatana nani atafagia na kwa fedha gani. Kila nyumba ikatoa mchango mdogo kila mwezi. Wenye motakaa wakalipa ili walinde vyombo vyao usiku ndani ya lango. Fedha hizo zikawa posho ya vijana wanaofagia na kulinda. Jirani waliokuwa wakitazama kwa dharau wakaanza kuona wivu, na wivu huo ukatumiwa vizuri: yakaanzishwa mashindano ya nyua na mitaa, na mitaa mingine ya Nairobi ikaingia pia.

Wapo wanaosema kwamba kazi inayolipwa posho si ya kujitolea. Maneno hayo husemwa zaidi na wenye mishahara. Kijana asiye na kazi anaweza kufagia bure Jumamosi moja, hata mbili. Jumamosi ya tatu atakwenda kutafuta chakula, na hapana wa kumlaumu. Nyua zilizorudi kuwa chafu ni zile ambazo hazikuwa na mchango, au zilikuwa nao bila daftari. Daftari ndilo lililovunja urafiki mara nyingi kuliko uvivu. Palipo na mtunza fedha anayesoma hesabu mbele ya watu, hata ikiwa ni za kununua fagio na rangi, ua umesimama.

Suala hilo la fedha halikuwaacha hata wakubwa. Kwa miaka mingi mwananchi mtu mzima alilipa shilingi 100 kuingia Karura, na fedha za mlangoni zilisimamiwa kwa pamoja na chama na Shirika la Misitu. Ndizo zilizolipa walinzi, zilizotengeneza senyenge na kununua miche. Mwaka 2025 Shirika likaagiza kwamba malipo yote yapitie katika mtambo wa malipo wa Serikali, eCitizen. Chama kikaenda mahakamani, na watu wengi wa Nairobi ambao hawakuwa wamefikiri hata siku moja juu ya fedha za lango wakajikuta wakibishana juu yake. Serikali ina hoja yake, kwa kuwa msitu ni mali ya umma na fedha za umma zina njia zake. Lakini mlinzi wa Huruma hulipwa mwisho wa mwezi, na senyenge iliyoangukiwa na mti usiku haiwezi kungoja hazina. Watu walioufanya msitu upendeze hata ukaleta fedha wana haki ya kuuliza fedha hizo zinarudi msituni lini, na kwa mkono wa nani.

Huko Korogocho, ng'ambo ya jaa la Dandora, swali hilo bado halijafika kwa kuwa hakuna lango la kutozea. Tangu mwaka 2017 kikundi cha vijana kiitwacho Komb Green Solutions, ambamo wamo waliowahi kuishi kwa uhalifu, kimekuwa kikiondoa takataka kandokando ya mto Nairobi, mahali palipokuwa pa kutisha. Wamepanda miti na kuwatengenezea watoto mahali pa kuchezea, nao wanapaita bustani ya watu. Hawana hati ya ardhi. Ukingo wa mto ni wa umma, na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 Serikali iliamuru watu wote waliojenga ndani ya mita 30 za kingo za mito waondoke. Nyumba nyingi zilibomolewa kando ya mito ya Nairobi. Katika kipande cha vijana hao ilipandwa miti na nyasi, vitu ambavyo ukingo wa mto huvihitaji. Maji ya mto bado hupita hapo yakiwa meusi, kwa maana huchafuliwa juu, katika mitaa ambayo vijana wa Korogocho hawana uwezo wa kuifagia.